Mwanangu, Usiinyime Turbo Oili Yake

Mwanangu, gari lako nimeliona. Nimeliona likipanda kutoka Suneka, linang'aa, nami nikakuombea heri, maana najua ulivyolihangaikia. Lakini nimeona pia kwamba ni la turbo, na tangu hapo sina raha. Keti kidogo tuzungumze.

Gari la turbo si gari la baba yako. Yale tuliyoyazoea hapa Kisii, Peugeot 504, Datsun, Nissan B12, na hizi Probox zinazobeba abiria pamoja na mikungu ya ndizi, yana uvumilivu. Ukiyachelewesha sevis yatakohoa, yatatoa moshi, yatakupa muda wa kutafuta pesa. La turbo halikupi muda. Gari lisilonung'unika hudai deni lote kwa siku moja.

Nataka kwanza uelewe kitu ulichonunua. Moshi wa injini, kabla haujaingia kwenye eksosi, unapita kwenye turbo na kuzungusha gurudumu dogo la mapanga. Gurudumu hilo limeungwa kwa shafti na gurudumu jingine, ambalo kazi yake ni kusukuma hewa ndani ya injini. Ndiyo maana injini ndogo ya 1.4 au 1.5 inakupandisha kilima kwa nguvu ya injini kubwa. Sasa sikia. Shafti hiyo, ukikanyaga mafuta sawasawa, huzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika moja. Upande wake mmoja, kwenye gari la petroli, moshi waweza kukaribia nyuzi joto 900. Na katika turbo nyingi shafti hiyo haishikwi na gololi. Imeelea ndani ya utando mwembamba wa oili, basi. Utando ukikosekana kwa sekunde chache tu, chuma kinakula chuma.

Na wewe unakaa wapi? Unakaa Kisii, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita, kwa hiyo turbo yako inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ikupe nguvu ile ile. Ongeza milima yetu. Ongeza jam ya Daraja Mbili siku ya soko, unasogea hatua mbili unasimama, mkokoteni wa kabichi mbele yako na matatu ubavuni. Ongeza vumbi la murram ukielekea nyumbani. Mwanangu, unaposoma kwenye kitabu cha gari maneno "mazingira magumu", ujue kimekutaja wewe.

Kwa hiyo nakusihi: usifuate kilomita 10,000 au 15,000 za mtu wa mbali. Zile ni za gari linalotiririka kwenye barabara tambarare, limepata moto vizuri, halizimwi kila baada ya dakika kumi. Huko Japani kwenyewe, Toyota kwa miaka mingi imewashauri wenye magari ya petroli yasiyo na turbo wabadilishe oili kila kilomita 15,000, lakini wenye turbo kila kilomita 5,000 au miezi 6, na mazingira yakiwa magumu, nusu ya hapo. Hao ni watengenezaji wenyewe, na barabara zao ni za lami. Wewe wa Daraja Mbili unataka kuwashinda kwa ujasiri gani?

Shika 5,000. Shika miezi 6. Kitakachotangulia ndicho unachofuata. Gari likikaa nyumbani mwezi mzima, usiseme halijatembea. Oili inazeeka hata gari likiwa limelala, na zaidi kwa vijisafari vya kutoka Mwembe hadi mjini na kurudi, ambapo injini haipati moto wa kutosha kuukausha unyevu na petroli inayochuruzika kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kilomita husamehe, miezi haisamehi.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wengi hamlifikirii. Gari hili ni jipya kwako tu. Sheria yetu hairuhusu gari kuingia nchini likiwa limezidi miaka 8, na kwa hiyo mengi yanayoshuka Mombasa yamekwisha kuzunguka miaka sita, saba, mikononi mwa mtu usiyemjua. Huwezi kujua alilitunza au alilitesa. Kutoka Mombasa hadi hapa ni kama kilomita 800, na hizo umezila juu ya oili ya mwenyewe wa zamani. Kwa hiyo usisubiri 5,000 ya kwanza. Mwaga oili hiyo yote wiki hii, badilisha na filta yake, uanze hesabu yako mwenyewe. Ukiona kwenye fremu ya mlango kibandiko chenye maandishi ya Kijapani na tarakimu za kilomita, usikibandue. Mara nyingi ni kumbukumbu ya sevis ya mwisho. Mwombe mtu akusomee kwa simu.

Sasa oili ipi.

Utakwenda dukani na muuzaji atakuambia, chukua 20W-50, joto letu linataka oili nzito. Amekuwa akiwaambia hivyo wenye 504, na kwao ilifaa. Kwako haifai. Namba ya kwanza inasema oili itakimbia vipi injini ikiwa baridi, ya pili inasema itabaki na uzito gani ikishapata moto. Wewe unawasha gari saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umetanda, umevaa sweta. Oili nzito wakati huo inapanda polepole kwenye kibomba chembamba cha turbo, na shafti imeshaanza kuzunguka bila kuisubiri. Kila asubuhi unaikwangua kidogo. Kila asubuhi, mwanangu.

Fungua boneti utazame kifuniko cha oili. Magari mengi yameandikwa hapo hapo juu: 0W-20, au 5W-30. Ukikuta kumefutika, fungua kitabu. Vitabu vingine vinaruhusu zaidi ya namba moja kulingana na joto la mahali, na hapo unaweza kuchagua, lakini chagua ndani ya kile kilichoandikwa. Fundi hukufungulia boneti, kitabu hukufungulia macho.

Namba peke yake haitoshi. Geuza mtungi, tafuta alama ya mviringo yenye herufi API. Kwa petroli yenye turbo nataka uone SP. Kiwango hicho kilianza Mei 2020, na kilikuja kwa sababu. Injini hizi zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina ugonjwa wake: ukizikandamiza zikiwa zinazunguka polepole, kwa mfano unapanda mlima na umekataa kushusha gia, petroli inaweza kuwaka kabla plagi haijatoa cheche. Pigo moja la namna hiyo linaweza kupasua pistoni. Wataalamu wakagundua kwamba oili yenyewe inachangia, hasa yenye dawa ya kusafishia iliyojaa kalsiamu, wakabadilisha mchanganyiko. Oili ya zamani iliyobaki stoo kwa mjomba wako haina kinga hiyo, hata kama mtungi wake ni mzuri namna gani.

Kama lako ni la dizeli, mambo ni mengine, na hapa nisikilize zaidi. Dizeli za siku hizi zina chujio la masizi kwenye eksosi. Zinataka oili yenye majivu kidogo, ile iliyoandikwa C2 au C3 za ACEA, au alama ambayo kitabu kimetaja. Ukiweka oili ya lori, majivu yake yataziba chujio hilo na hutalizibua kwa maji. Tena chujio hujisafisha lenyewe kwa kujichoma, lakini linahitaji safari ndefu yenye moto. Ukizima gari katikati ya kujichoma, kila siku, nyumbani na mjini, nyumbani na mjini, dizeli ambayo haijaungua inateremka kwenye sampu na kuchanganyika na oili. Chomoa dipstiki uone: badala ya oili kupungua, imepanda! Watu hufurahi, wakidhani gari halili oili. Mazda wameweka alama ya X kwenye dipstiki za dizeli zao, juu ya alama ya kujaa, kwa ajili ya jambo hili tu. Oili ikikaribia X, hakuna cha kungoja mwisho wa mwezi. Unaimwaga.

Kuna mwalimu mmoja wa upande wa Keumbu. Alichukua mkopo wa sacco akanunua gari zuri, na kwa sababu mkopo ulikuwa unamkata mshahara, akaanza kubania pale alipodhani hapaonekani. Akapeleka sevis mbele mara moja. Akapeleka mara ya pili. Oili ikipungua anaongeza ya kupimiwa kutoka pipani, lita moja moja, bila kumwaga ya zamani. Desemba akaenda Nairobi kuchukua watoto, na alipokuwa anarudi, baada ya Narok, taa nyekundu ya oili ikawaka. Akasema nitafika Bomet. Hakufika.

Gari lilipoletwa limefungwa nyuma ya lori, nilisimama hapa kwenye gereji mafundi wakishusha sampu. Hapakuwa na oili ya kumwagika. Palikuwa na uji mweusi, unachotwa kwa kijiko. Lile chujio dogo la chuma linalonyonyea oili lilikuwa limezibika tundu zote. Fundi akashika shafti ya turbo kwa vidole viwili ikacheza huku na huku, na mapanga yake yalikuwa yamekwaruza nyumba yake. Beringi za krenki zimeliwa, injini imenoki. Akatumwa Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta injini nyingine, ya kuokoteza, na turbo ya kuokoteza. Mkopo wa sacco haukusimama hata mwezi mmoja. Abaniaye mtungi wa oili hulipa kwa injini. Sitaki yakupate haya, mwanangu. Nakuomba.

Na usinunue ya kupimiwa. Nakuomba tena, usinunue. Hujui pipa lile limejazwa nini. Hata ya mtungi, nunua kwenye kituo cha petroli au kwa muuzaji mwenye risiti, utazame sili kama haijaguswa. Oili bandia ipo Kenya, na mtungi mtupu wa oili nzuri una mnunuzi wake. Kwa hiyo ukimaliza sevis, toboa mitungi yako kabla hujaitupa. Kama ni dizeli, jaza pia kwenye kituo unachokiamini. Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta taa mwaka 2018 ili kuwazuia waliokuwa wanayachanganya na dizeli, na tamaa ya namna hiyo haifi kwa ushuru peke yake.

Zile chupa ndogo za "dawa ya injini" ziache dukani. Filta usiionee huruma: oili mpya ndani ya filta ya zamani ni kazi bure. Na usimwache fundi ajaze kwa kukisia. Gari lako lina kipimo chake kitabuni. Kupita kipimo nako ni kubaya.

Sasa jambo la mwisho halitaki hata senti. Wazee wa malori, waliobeba chai na ndizi kutoka huku kabla hujazaliwa, walikuwa wakifika mwisho wa safari wanaacha injini ingurume kidogo kabla ya kuizima. Watu waliwacheka wakisema wanachoma dizeli bure. Walijua. Ukitoka kupanda mlima kwa nguvu na ukazima papo hapo, pampu ya oili inasimama, lakini turbo bado ina moto mkali. Oili iliyokwama ndani inaungua na kuganda, sawa na mafuta ya mandazi yaliyosahauliwa jikoni mpaka yakashika sufuria. Leo tabaka dogo, kesho jingine, mwisho njia ya oili imeziba. Kwa hiyo ukikaribia nyumbani endesha taratibu dakika mbili za mwisho, au uliache lingurume dakika moja huku unakusanya mizigo yako. Na asubuhi, usilikanyage kabla halijapata moto. Ondoka nalo polepole mpaka barabara kuu.

Ukisikia mluzi ambao haukuwepo, njoo. Ukiona moshi wa buluu unapoanza kupanda mlima, njoo siku hiyo hiyo. Kwa dizeli, turbo ikianza kuvuja oili upande wa hewa, injini inaweza kuanza kuinywa oili yake yenyewe na kunguruma bila wewe kukanyaga, na hata ufunguo ukiuzima haizimiki. Usifike huko. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka barabarani, simama. Hata kama ni usiku, hata kama watoto wanalia, sogea kando, zima, upige simu. Nitakuja mimi.

Jumamosi lilete hapa mapema. Litulie kwanza, oili ishuke yote kwenye sampu, halafu tutachomoa dipstiki pamoja, tuifute kwa kitambaa safi, tuirudishe, tuisome. Uje na kitabu cha gari na kalamu, ili kilomita za leo ziandikwe ukurasa wa kwanza.