Saa ya Titani na Mizani ya Thamani Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyeapa kwa wakati, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Mwaka 2023 kiwanda cha Rolex cha Uswisi kilitoa saa ya mkono ya titani, Yacht-Master 42, bei yake zaidi ya dola 13,000. Titani ni madini magumu yasiyoshika kutu, na uzito wake wazidi kidogo tu nusu ya uzito wa chuma cha pua. Asili yake ni mchanga, kama ule uliochimbwa Kwale hata mwisho wa mwaka 2024. Na sehemu kubwa ya mchanga wa namna hiyo duniani hufanywa rangi nyeupe.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, dhahabu ni haramu kwa mwanamume kuivaa, na saa ya dhahabu ni katika hukumu hiyo. Titani si dhahabu wala si fedha. Basi kuivaa ni halali, wala haina zaka maadamu ni ya kuvaa, si ya biashara. Lakini si kila kilicho halali chamfalia kila mtu kukinunua. Na kipimwe kwa mizani tatu.

Ya kwanza ni kazi yake. Saa ya mashine yenye hati ya usahihi ya Uswisi huruhusiwa kuzidi sekunde 6 au kupungua 4 kwa siku. Na saa ya betri ya bei ndogo hukosea kadiri ya sekunde 15 kwa mwezi. Basi fedha ile haikununua wakati, imenunua pambo.

Ya pili ni haki za watu. Mwenye deni lililofika muda wake, naye ana cha kulipa, akamrudisha mdai mlangoni kwa neno la “kesho” na saa hiyo i mkononi mwake, huyo ni dhalimu; Mtume (s.a.w.) ameuita ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhuluma. Kadhalika chakula cha mke na watoto, na cha wazazi mafakiri, ni wajibu. Pambo si wajibu.

Ya tatu ni nia. Aliyekwisha kutoa haki hizo, akaivaa kwa kushukuru neema, hana lawama. Aivaaye ili watu wautazame mkono wake amenunua macho ya watu, nayo hayakai.

Adhana iliapo, mwenye saa hiyo na asiye na saa huitwa pamoja. Mwenyezi Mungu awajaalie waja wake kuitika mapema. Amin.