Ngazi ya Odessa na Haki ya Kuhamisha Kifo

Ndugu msomaji, hebu nikuulize swali moja. Watu wakiuawa bandarini, msanii ana haki ya kwenda kuwaulia kwenye ngazi, eti kwa sababu ngazi inapendeza zaidi?

Usidhani natania. Katika mji wa Odessa, Ukraine, kando ya Bahari Nyeusi, kuna ngazi kubwa ya mawe inayoshuka kutoka mjini hadi bandarini. Ilijengwa kati ya 1837 na 1841 kwa ramani ya Francesco Boffo. Ilikuwa na vidato 200 (vya ngazi jamani, siyo vya shule). Bandari ilipopanuliwa vinane vikafukiwa, vikabaki 192. Chini ina upana wa karibu mita 22, juu ni nyembamba zaidi. Hapo ndipo penye ujanja wake. Ukisimama chini unaona vidato tu, vinapanda kama havina mwisho. Ukisimama juu vidato vyote vinapotea, unaona vibaraza vya kupumzikia peke yake. Yaani ngazi yenyewe ni mwongo, tena mwongo wa kupendeza.

Juni 1905 mabaharia wa manowari Potemkin waliasi. Kisa ni nyama yenye funza waliyoambiwa wale. Mwenzao Vakulenchuk akauawa, wakauleta mwili wake Odessa na kuulaza bandarini, na watu wakamiminika kuuona. Usiku ulipoingia bandari ikawaka moto, askari wakaufyatulia risasi umati uliokwama humo. Walikufa watu wengi mno, na walifia bandarini, gizani, katikati ya maghala na moshi.

Miaka 20 baadaye akaja Sergei Eisenstein kutengeneza sinema ya maasi hayo. Alikuwa na miaka 27, umri wetu huo! Mwenyewe alieleza kwamba mauaji ya ngazini hayakuwamo kwenye miswada ya mwanzo. Yalimjia alipoiona ngazi. Basi akahamisha kifo. Sasa ni mchana kweupe, askari wenye mashati meupe wanateremka kwa mstari, hatua kwa hatua, na kigari cha mtoto mchanga kinaporomoka peke yake. Dunia ikaamini. Uingereza ikaipiga sinema hiyo marufuku hadi 1954. Mwaka 1955 ngazi yenyewe ikapewa jina la Potemkin, na ingawa baada ya uhuru wa Ukraine ilirudishiwa jina la zamani, midomoni mwa watu ni Potemkin tu.

Wapo watakaosema: kosa liko wapi? Mauaji ni ya kweli, mahali tu ndipo pa uongo. Nusu ya moyo wangu inakubali. Bila uongo ule, nani huku kwetu angejua kwamba kuna watu waliuawa Odessa? Lakini nusu nyingine inamwona mgeni amesimama juu ya ngazi, anamlilia mama wa kwenye sinema ambaye hakuwahi kuzaliwa, na bandari iko pale pale mbele yake wala haiangalii. Mwaka 2022 vita vilipopamba moto Ukraine, sanamu ya Richelieu iliyo juu ya ngazi hiyo ilizungukwa na mifuko ya mchanga. Lakini makombora yaliwafuata watu hadi vyumbani kwao. Kifo hakichagui mandhari bwana, anayechagua ni msanii.

Najua, kwa sababu na mimi nimechagua. Katika mswada wa riwaya yangu nimemwandika kijana wa mtaani kwetu aliyesombwa na mafuriko. Alifia kwenye mtaro nyuma ya vyoo, mtaro ambao hata jina hauna. Nikaona mtaro haunipi kitu, nikampeleka darajani, akaanguka mbele ya umati, watu wakapiga mayowe. Rafiki zangu niliowasomea walitikisa vichwa kwa kusikitika. Nikajiona mwandishi.

Habari zikamfikia mama yake. Siku moja nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema taratibu tu, "Baba, mbona mwanangu umempeleka kule? Darajani kuna watu. Kule alikofia hakukuwa na mtu."

Nilitaka kumweleza habari za Eisenstein. Sasa ungeanzia wapi? Mimi nilidhani nimebadilisha mahali tu, kumbe nimempa marehemu mashahidi ambao hakuwa nao, na uchungu wa yule mama uko hapo hapo, kwamba mwanawe aliita na hakuna aliyesikia.

Sura ile sasa ninayo mara mbili, moja ya darajani, moja ya mtaroni. Ya darajani ni nzuri zaidi, sitaki kudanganya. Ya mtaroni ina kurasa mbili tu na bado haijakaa sawa, kwa sababu kila nikianza kuandika natafuta mtu wa kumweka karibu naye.