Kabla Hujabadilisha Pedi za Breki

Mwanangu, umeniuliza ununue pedi gani kwa hiyo Impreza yako, inayokupeleka kazini Jumatatu hadi Ijumaa, inayokwenda otokrosi ikipatikana nafasi, na ambayo sasa wenzako wanataka uipeleke saketini. Umeniwekea mezani orodha: Hawk, EBC, Ferodo, Pagid, Endless. Wote hao wanaijua kazi yao, na kila mmoja hutengeneza pedi za aina nyingi zisizofanana tabia, kwa hiyo jina la kampuni peke yake halikujibu. Jiulize kwanza breki zako zitapata joto kiasi gani, na ni wakati gani utazikanyaga zikiwa baridi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gari la kilo 1,400 likienda kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya takriban kilojuli 540. Ukikanyaga breki hadi likasimama, karibu yote hugeuka joto ndani ya diski na pedi. Kwa kilomita 50 nishati hiyo ni robo tu, kilojuli 135. Kwa kilomita 200 ni mara nne, zaidi ya kilojuli 2,100. Ndiyo sababu gari linaloshinda kwenye foleni ya Mombasa Road laweza kumaliza wiki nzima bila diski zake kupata joto la maana, na gari hilohilo likachoma pedi baada ya mizunguko michache ya saketi.

Naanza na barabara ya kila siku, maana huko ndiko utakakokuwa mara nyingi, na huko ndiko pedi ya mbio ilikofanya watu waumie. Pedi ya mbio halisi imetengenezwa ishike ikiwa moto. Ikiwa baridi, nyingi huteleza juu ya diski na hutaka kukanyagwa mara mbili tatu kabla hazijaanza kuuma sawasawa. Saketini hilo halina shida, kwa kuwa dereva huzungusha mzunguko wa kwanza taratibu akizipasha. Sasa fikiria umetoka nyumbani Limuru saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umetanda, na mtoto wa shule anavuka ghafla mita 30 mbele yako. Breki hiyo ya kwanza ya siku ndiyo unayopaswa kuinunulia pedi. Mtoto hawezi kusubiri diski zako zipate moto, na hakuna ushindi wa wikendi unaolingana na hilo. Nakuomba uliweke moyoni hata kama utasahau mengine yote niliyoyaandika hapa. Kelele, vumbi jeusi kwenye rimu na diski kuliwa haraka ni kero za kawaida za pedi za mbio. Unaweza kuzivumilia ukitaka. Kutoshika asubuhi hakuvumiliki.

Lakini usidhani barabara ni baridi siku zote. Unakwenda Naivasha kila mara, na njia ya zamani ya kushuka Mai Mahiu unaijua, ile iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, waliotuachia na kile kikanisa kidogo kando ya barabara. Ukishuka mita 400 kwa gari hilo la kilo 1,400, kuna kilojuli 5,500 hivi za kumaliza. Ni sawa na kusimama mara kumi mfululizo kutoka kilomita 100 kwa saa. Mpakie shangazi yako, watoto na magunia mawili ya viazi, hesabu inapanda. Injini ikisaidia kwa gia ya pili au ya tatu, breki hubaki na sehemu ndogo ya kazi. Ukiacha gari lishuke lenyewe huku mguu umelala kwenye pedali, breki hubeba karibu mzigo wote. Ile harufu kali inayokufikia ukiwa nyuma ya lori pale mteremkoni ndiyo hesabu hiyo inayoungua. Kwa hiyo hata asiyefika saketini maishani mwake anahitaji pedi inayostahimili joto la mteremko. Pedi ya bei ya chini kabisa haimfai.

Otokrosi nayo wengi huisoma vibaya, kwa kuwa mashauri wanayoyapata yameandikiwa Marekani. Huko otokrosi huchezwa juu ya lami, kwenye maegesho makubwa au kiwanja cha ndege, koni zimepangwa, na mzunguko mmoja humalizika kwa dakika moja hivi. Mwendo si mkubwa, breki hupigwa mara chache na kupoa kati ya mzunguko na mzunguko. Kwao pedi nzuri ni inayouma papo hapo ikiwa baridi. Ndiyo maana Hawk HP+ imependwa huko, pamoja na kelele na vumbi lake. Yetu hapa Kenya huchezwa kwenye vumbi na udongo. Tairi halina mshiko mwingi, hivyo breki haziwezi kupata joto kubwa hata ukitaka, kwa kuwa magurudumu hujifunga kabla hujafika mbali. Pedi inayouma kwa ghafla hapo inakuharibia. Unachohitaji ni pedi inayoongezeka taratibu kadiri unavyokanyaga, ujue kwa mguu ni wapi tairi linaanza kuteleza. Pedi nzuri ya barabara, diski zisizo na mifereji ya kuliwa, na muda wa kuosha kalipa kila baada ya mashindano vitakusaidia kuliko pedi yoyote ya bei kubwa. Mchanga ulionaswa kati ya pedi na diski hukwangua zote mbili, na matope yaliyokauka kwenye pini za kalipa huifanya pedi iburuze upande mmoja.

Saketini mambo hubadilika kabisa. Unatoka mwendo mkubwa, unabana breki kwa nguvu, unapinda, unaongeza mafuta, na kabla diski hazijapoa kona nyingine imefika. Baada ya mizunguko michache diski hupita nyuzi 500 kwa urahisi. Pedi ya kawaida ya barabara ikifika huko, gundi inayoshikanisha vitu vyake huanza kutoa gesi, uso wake huwa mgumu na kung'aa, na mshiko unapotea. Hapa kuna jambo ambalo kila dereva anapaswa kulijua kwa mguu wake. Pedali ikibaki juu na ngumu lakini gari halipungui mwendo, ni pedi zimezidiwa. Pedali ikizama, ikawa laini na kukulazimisha kupampu, ni mafuta ya breki yamechemka, na mvuke ulioingia kwenye mirija unabanwa badala ya kusukuma pistoni. Magonjwa haya ni mawili tofauti. Nimeona vijana wakinunua pedi za bei ghali kutibu ugonjwa wa mafuta.

Mafuta ya breki hunywa unyevu kutoka hewani, hata gari likiwa limeegeshwa. Kiwango cha DOT 3 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta ya mbio kama Motul RBF 600 hupita nyuzi 300 yakiwa mapya. DOT 5 ya silikoni ni kitu kingine kabisa, usiichanganye na hizo. Gari lililoletwa kutoka Japani likiwa na umri wa miaka saba, ambalo hakuna aliyewahi kulibadilisha mafuta ya breki, lina mafuta dhaifu hata kama pedi zake ni mpya. Kwa matumizi ya kawaida badilisha kila miaka miwili. Ukienda saketini, badilisha kabla ya kwenda.

Tumetoka mbali na kazi hii ya breki. Mwaka 1888 Bertha Benz, akiwa njiani na gari la mumewe kutoka Mannheim kwenda Pforzheim, alimwomba fundi viatu apigilie ngozi kwenye vibao vya breki vilivyokuwa vinalika. Mwaka 1897 Herbert Frood alianzisha Uingereza kampuni iliyokuja kuwa Ferodo. Mwaka 1953 Jaguar walishinda Le Mans kwa breki za diski, wapinzani wao wengi wakiwa bado na drumu. Katika safari hiyo yote kulikuwa na asbesto, iliyostahimili joto vizuri sana na kuua mapafu ya mafundi kimyakimya. Uingereza ilikuja kuipiga marufuku mwaka 1999. Kwa kuwa huwezi kujua kila pedi ya zamani ilichanganywa na nini, usipulize vumbi la breki kwa kompresa, wala usimruhusu kijana wa gereji akupulizie. Lowesha, futa kwa kitambaa, osha mikono. Nimezika mafundi wenzangu waliokohoa kwa miaka, na sitaki uingie kwenye orodha hiyo.

Ukienda Kirinyaga Road kununua, geuza pedi uangalie maandishi ya ukingoni au mgongoni. Pedi nyingi zina herufi mbili mwishoni mwa namba, kama EE, FF au GG. Ya kwanza hueleza mshiko katika joto la kawaida, ya pili mshiko zikiwa moto zaidi. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi ya FF ni nzuri kwa gari la barabara. Ikiandikwa FE, jua kwamba mshiko unapungua joto likipanda, na uikumbuke Mai Mahiu. Lakini kipimo hicho huishia chini ya nyuzi 350, hivyo herufi hazikuambii lolote kuhusu saketi; kwa hilo tafuta kiwango cha joto ambacho mtengenezaji mwenyewe ametangaza. Nunua kwa muuzaji atakayekupa risiti na ambaye utampata tena dukani wiki ijayo. Pakiti nzuri huigwa.

Usiweke pedi kali nyuma na za kawaida mbele. Gari likishika breki uzito hukimbilia mbele, na tairi za nyuma zikijifunga kwanza gari huzunguka. Vilevile, pedi mpya zizoeshe diski, kama kikaango kipya cha chapati kinavyozoeshwa mafuta. Tafuta barabara tupu, toka kilomita 80 ushuke hadi 20 bila kusimama kabisa, mara nane au kumi, kisha endesha taratibu bila kugusa breki hadi zipoe. Ukisimama na kubana pedali diski zikiwa moto, pedi huacha alama mahali pamoja, na baadaye usukani unatetemeka na fundi anakuambia diski zimepinda. Mara nyingi hazijapinda.

Sasa gari lako. Weka pedi nzuri za barabara za FF mbele na nyuma, za mtengenezaji mmoja, na hizo zikupeleke kazini, Naivasha na otokrosi. Za saketi nunua seti ya pili, uzifunge asubuhi ya siku hiyo na uzitoe kabla ya kurudi nyumbani. Kubadilisha pedi ni kazi ya saa moja kwa mtu aliyeizoea, nawe utaizoea. Chagua za mtengenezaji yuleyule kama anazo, kwa kuwa tabaka la mchanganyiko mmoja linalobaki kwenye diski mara nyingi halipatani na mchanganyiko mwingine, na hata hivyo utahitaji kuzizoesha tena kila unapobadilisha. Wala usiende saketini na pedi zilizolika zikabaki chini ya nusu, maana pedi nyembamba hupitisha joto hadi kwenye pistoni na mafuta.

Fedha zikikutosha kwa kitu kimoja tu mwezi huu, iwe mafuta ya breki, na zikibaki, tairi. Njoo nalo Jumamosi asubuhi, injini haijapoa si neno, breki ndizo ziwe zimepoa. Lete chupa mbili za DOT 4 ambazo hazijafunguliwa, mpira mwembamba wa kutolea hewa na mtu wa kukanyaga pedali. Tutaanza na gurudumu la nyuma.