Raba ya Semina

Jumapili iliyopita alasiri nilipita Karagita, Naivasha, kumsalimu shemeji yangu. Nilitarajia kuzikuta nguo kwenye kamba, maana Jumapili ndiyo ofu yake na ndiyo siku ya kufua. Beseni lilikuwa kavu. Mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni, viatu bado miguuni, raba nyekundu kidoleni.

"Karibu, shemeji. Nimetoka kufunzwa kuvutika."

Kumbe mwajiri aliwaita kwenye semina ya ustahimilivu kazini. Basi liliwachukua alfajiri kama siku nyingine yoyote, wakanywa chai kwa mandazi, kisha mtaalamu akamgawia kila mmoja raba. Ivuteni, akasema. Mnaona inavyorudi? Nanyi muwe hivyo.

Maneno hayo yamenikaa kooni wiki nzima. Shemeji hupanga waridi. Kutwa amesimama mezani, anapima shina kwa sentimita, anapukuchua majani ya chini, anahesabu, anafunga shada kwa raba, anasukuma mbele, anashika jingine. Tangu Januari mbio zilikuwa za Siku ya Wapendanao, na kabla hawajavuta pumzi zimeingia za siku ya akina mama wa Uingereza, mwezi Machi. Kumwonyesha raba mtu huyu ni kama kumwonyesha mvuvi samaki.

Tena ni yeye aliyenieleza alichoruka mtaalamu. Raba ukiivuta ukaiachilia, hurudi. Ukiiacha imevutika usiku na mchana hulegea, huota nyufa ndogo ndogo, na siku moja hukukatikia mkononi hata hujaivuta.

"Ulimwambia hivyo?"

"Nimwambieje, na supavaiza ameketi nyuma yangu?"

Ukutani walioneshwa picha ya Eliud Kipchoge. Nikacheka. Mwaka 2019 kule Vienna, alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40, alikuwa na wenzake 41 wa kumwekea kasi, wakipokezana makundi kwa makundi huku wakimkinga upepo. Na huyo Kipchoge, enzi hizo, kwa kawaida alikimbia marathoni mbili kwa mwaka. Nionyesheni meza ya maua yenye watu wa kupokezana hivyo, nami nitakuja semina kwa miguu kutoka Nakuru.

Najua kuna bwana mmoja wa Milimani anayesoma haya akitikisa kichwa. Vijana wangapi, ataniuliza, wanazunguka Rhonda na Kaptembwo wakisaka hata kibarua cha siku? Mwenye kazi ashukuru. Mvumilivu hula mbivu.

Sawa, bwana, njaa ni mbaya kuliko uchovu, sibishi. Lakini watu wa kaunti hii waliochomewa nyumba mwaka 2008 wakaanza upya na sufuria moja hawahitaji raba ya kuwafunza kustahimili. Na hiyo methali yako ina tunda mwishoni. Tunda lenyewe limeandikwa katika Sheria ya Ajira ya 2007: siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, mshahara ukiingia. Sijaona kifungu kinachoruhusu siku hiyo ilipwe kwa mandazi.

Hata Shirika la Afya Duniani, lilipoueleza uchovu huu mwaka 2019, lilisema unatokana na shinikizo la muda mrefu kazini ambalo halikudhibitiwa. Kazini, bwana. Hawakusema moyoni mwa mpangaji maua. Pesa za mtaalamu na za ukumbi zingeajiri mikono kadhaa msimu huu, na semina, kama ni lazima, ingefanywa Jumanne saa za kazi. Pengine mimi sijui biashara. Ila beseni kavu nalijua.

Jioni, akinisindikiza stejini, shemeji aliomba nisipige simu Jumapili hii kabla ya saa sita. Ile raba alishaifungia pakiti ya unga.