Safari ya Kutazama Ndege: Je, Tuko Tayari Kurudi Bila Kumwona?



Siku hizi twasikia mara kwa mara habari za watu wanaofunga safari ili kutazama ndege tu. Hawaendi kuuza mahindi wala kumzika jamaa. Wengine hutoka Ulaya na Marekani, wengine ni Watanzania wenzetu: vijana wa shule, watumishi, na wastaafu kama mimi. Sisi wa Kasulu na Kibondo tunayo sababu ya kulitafakari jambo hili. Ukishuka kutoka vilima vyetu kuelekea mashariki, wafika kwenye mabonde mapana ya Mto Malagarasi na Mto Muyovozi, penye mafunjo na maji hata upeo wa macho. Mwaka 2000 ardhi oevu hiyo iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, nayo ilikuwa ya kwanza katika Tanzania. Eneo lake lapata hekta 3,250,000.

Humo yuko ndege ambaye watu huvuka bahari kuja kumwona. Vitabu humwita korongo-nyangumi. Ni mkubwa, wa rangi ya kijivu, kimo chake chazidi mita moja, na mdomo wake ni mpana kama kiatu. Husimama kimya saa nzima akingoja kamongo au kambale ajitokeze. Yakadiriwa kwamba duniani kote wamebaki kati ya 5,000 na 8,000 tu.

Basi, kikundi kikikaa chini kupanga safari ya kumtazama ndege huyu, kwa kawaida huuliza: Gari litapatikana wapi? Vibali vya kuingia pori la akiba vyaombwa kwa nani? Nani ana darubini? Dawa ya malaria tumebeba? Tutajikingaje na mbung'o? Maswali hayo ni mema, tena ya lazima. Lakini liko swali jingine ambalo ndilo la haki na dhambi, nalo mara nyingi haliulizwi kabisa: Je, tuko tayari kurudi nyumbani bila kumwona?

Kwanza, tuondoe kikwazo kimoja. Wako watakaosema kwamba safari ya namna hii ni anasa, na kwamba heri fedha hizo wapewe wajane. Hoja hii yastahili heshima. Lakini yatupasa kukumbuka kwamba Bwana wetu, alipotaka kuwafundisha wanafunzi wake wasisumbuke juu ya chakula na mavazi, aliwaambia wawatazame ndege. Kasisi John Stott wa Kanisa la All Souls, London, aliyefariki mwaka 2011, alikuwa mtazamaji wa ndege maisha yake yote, na mwaka 1999 alitoa kitabu kizima juu ya ndege kama walimu wetu. Yeye aliyachukua maneno hayo ya Bwana kuwa agizo la kutiiwa. Kutazama kwa makini ni namna mojawapo ya kushukuru. Mwalimu yeyote ajua kwamba mtoto asiyefundishwa kutazama hukua akiharibu, naye hajui kwamba ameharibu. Kwa hiyo sisemi safari hii ni dhambi. Nasema ina mpaka wake.

Mpaka huo twaweza kuujua kwa desturi zetu wenyewe. Wilaya zetu zimepokea wageni wengi. Ndugu wa Burundi walikuja mwaka 1972, wakaja tena 1993 na 2015. Ndugu wa Kongo walikuja 1996, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu. Hao hawakupanga safari yao, walikimbia. Tumejifunza kwao na kwetu sheria za ugeni. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni hukaa alipokaribishwa. Hafungui mlango wa chumbani ili aone mama mzazi amelalaje na mtoto wake, hata kama ametembea siku tatu kufika. Uchovu wa safari yake haumpi haki hiyo.

Sasa tuyatazame maisha ya korongo-nyangumi. Hujenga tago lake juu ya majani yanayoelea, mbali na njia za watu. Hutaga yai moja hadi matatu, na kwa kawaida kinda mmoja tu ndiye hukua. Jua linapokuwa kali, wazazi huchota maji kwa mdomo na kuyamwaga juu ya mayai au kinda ili kuwapoza. Kwa kawaida huanza kutaga wakati maji yanapopungua, yaani kiangazi kinapoingia.

Hapo ndipo shida ilipo. Kiangazi ndicho kipindi chetu cha safari: barabara ni kavu, shule zina likizo ya katikati ya mwaka, na gari halizami matopeni. Wakati unaotufaa sisi ndio wakati ambao ndege huyu hawezi kuondoka mahali pake. Mtumbwi ukimkaribia mno, yeye huruka. Sisi twafurahi kumwona akikunjua mabawa, twapiga picha. Nyuma yake yai labaki juani bila maji wala kivuli. Hatukurusha jiwe wala hatukutega mtego, lakini huenda kinda wa mwaka ule amekufa kwa ajili ya macho yetu.

Torati ilikwisha kuliona jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, mtu aliyekuta kiota njiani alikatazwa kumtwaa mama pamoja na makinda. Watu wale walikuwa na njaa, wala ndege hawakuwa pambo kwao. Hata hivyo waliwekewa mpaka. Ikiwa mwenye njaa aliwekewa mpaka, je, sisi wenye chakula mfukoni na darubini shingoni tusiwe nao?

Twaweza kujitetea kwamba sisi si kama wale waliowakamata ndege hai na kuwauza ng'ambo. Ni kweli biashara hiyo ilikuwapo, na korongo-nyangumi wa nchi yetu walisafirishwa ndani ya masanduku, mpaka Serikali ilipopiga marufuku mwaka 2016 kusafirisha wanyama hai nje ya nchi. Lakini tujichunguze. Aliyemtia ndege sandukuni alisema moyoni, "Huyu ni lazima awe wangu." Anayesema, "Nimelipa, ni lazima nimwone," maneno yake hayako mbali sana na hayo.

Jambo hili lagusa pia watu. Tuseme kikundi kimempata kijana wa kijiji cha kandoni, mtoto wa mvuvi, awe kiongozi wao. Wamwambia, "Tukimwona ndege tutakuongezea. Tusipomwona tutakupa nauli tu." Maneno hayo yaonekana kuwa biashara ya kawaida. Lakini wamemfanyia nini kijana yule? Nyumbani anangojwa na watoto. Ajua tago liko wapi, na ajua halipaswi kukaribiwa. Sasa dhamiri yake imewekwa upande mmoja wa mizani, na unga wa watoto wake upande wa pili. Kinda akifa, watu watasema ni kosa la kiongozi. Mimi nasema kosa lilitendwa mezani, siku ile walipopanga malipo. Kwa hiyo kiongozi alipwe siku yake yote, kiasi kile kile, ndege aonekane asionekane. Hapo ndipo atakuwa huru kusema "tosha", na sisi tutamwamini.

Lipo neno moja gumu zaidi, nami sitalikwepa. Mtoto wa mvuvi aweza kuuliza, "Mbona baba akiingia porini na nyavu bila kibali anakamatwa, na mgeni akiingia na kamera anapokewa kwa chai?" Tusimjibu kwamba mgeni amelipa. Tukisema hivyo, tumemfundisha kwamba sheria ni bei tu, na mwenye fedha hana sheria. Wala tusimjibu kwamba basi kila mtu aingie apendavyo, kwa maana yai linalounguzwa na jua halibagui kati ya aliyefukuza mama kwa nyavu na aliyemfukuza kwa kamera. Jibu la haki ni kwamba mpaka umfunge mgeni kama unavyomfunga mvuvi. Pale mvuvi anapoambiwa asipite, mgeni naye asipite, hata akiwa askofu, mbunge au mzungu. Na faida ya ugeni ifike kijijini: kwa anayeuza asali, kwa anayepika, kwa mwenye mtumbwi. Mwenyeji apone kweli.

Basi, wapendwa, mkikaa kupanga safari ya namna hii, andikeni mambo haya juu ya karatasi ile ile ya petroli na chakula. Je, tumemwuliza mtu wa pale ni wapi pasipofaa kufika mwezi huu? Je, malipo ya kiongozi hayategemei bahati yetu? Je, tunaye kati yetu mwenye kusema "turudi", na wengine watamtii? Na je, tutafurahi tukiona kwarara, fundichuma, mbayuwayu waliotoka Ulaya, na mafunjo yakiyumba tu?

Asiyeweza kukubali swali hili la mwisho, heri angoje mwaka mwingine. Lakini anayekubali na aende kwa amani. Aweza kusimama kandoni mwa mafunjo ya Muyovozi asubuhi nzima bila kuona chochote cha kijivu, na bado akajua ya kuwa ndani mle yuko ndege mmoja amesimama, anamwagia yai lake maji, na Muumba wake anamwona. Kujua hivyo na kumwacha alipo ni kumtendea haki.

Mungu awabariki.