Dhambi ya Mlevi ni Yake Peke Yake?

Twawasikia baadhi ya ndugu zetu, wanaponasihiwa waache ulevi, wakijibu: "Kinywa ni changu, fedha ni zangu, na dhambi ni baina yangu na Mola wangu." Twataka leo kulipima jawabu hili kwa mizani ya akili, kwani mizani ya sheria i wazi: ulevi umekwisha kuharimishwa, wala haungojei neno la tabibu ili uwe haramu. Lakini elimu humwonyesha mtu hekima ya aliyokatazwa.

Katika mwaka 1968 tabibu Paul Lemoine wa mji wa Nantes, Ufaransa, alieleza habari za watoto 127 waliozaliwa na wazee walevi. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith, huko Seattle, Marekani, wakayapa maradhi hayo jina. Ikabainika ya kuwa kileo anywacho mama hupita katika kondo la nyuma kikamfikia mwana, na ini lake changa halina nguvu za kukiondoa.

Kisha mwaka 2000 John Olney na wenziwe walitangaza uchunguzi wao juu ya vitoto vya panya vilivyo katika umri ambao ubongo hukua kama ukuavyo wa mwanadamu katika miezi ya mwisho ya mimba. Chembe za ubongo wakati huo huhitaji kupelekeana habari ili ziishi. Kileo huzinyamazisha, na chembe iliyonyamazishwa kwa saa kadhaa hujiua yenyewe. Hufa kwa mamilioni.

Sasa na tuulize: "baina yangu na Mola wangu" iko wapi hapo? Mnywaji hulewa usiku, asubuhi akazindukana. Mwana hakuonja kwa hiari yake wala hakuulizwa, naye huenda akauchukua ulevi ule umri wake wote: kusahau upesi, kutotulia, kutoona mwisho wa jambo kabla ya kulitenda. Mwenye kutubu husamehewa haki ya Mola wake. Haki ya mja humngojea mwenyewe.

Lakini tujihadhari tusiifanye elimu hii fimbo ya kuwapigia wanawake tu. Huko Cape Magharibi, Afrika Kusini, ambako watoto wa maradhi haya ni wengi mno, wenye mashamba ya mizabibu kwa zama nyingi waliwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Mama alikunywa, ni nani aliyemimina? Vivyo hivyo mume aingizaye chupa nyumbani, na mwenye duka aiuzaye, kila mmoja ana fungu lake.

Na walimu wa vyuo nao wana lao. Yuko mtoto afundishwaye aya leo, kesho haijui, akaitwa mvivu, pengine akachapwa. Hatusemi kila mzito wa kuhifadhi ana maradhi haya. Twasema kumpiga mtu kwa dhuluma aliyotendewa kabla hajazaliwa ni kumdhulumu mara ya pili.

Basi mnywaji na aache leo. Na mama aliyekunywa kabla ya kujijua kuwa ana mimba asikate tamaa: kuacha wakati wowote kuna faida, kwani ubongo wa mwana hukua mimba nzima. Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.