Kubisha Mlango wa Jirani



Jumapili moja baada ya ibada tulikaa barazani tukingoja mvua ipite. Mzee mwenzangu akaniuliza, “Mwalimu, nchi ni kama nyumba. Mwenye nyumba akiwatesa walio ndani, jirani ana haki gani ya kuingia?” Siku ile sikumjibu. Leo naomba nafasi katika gazeti letu nijaribu, si kama mtaalamu wa siasa, bali kama mwalimu mstaafu.

Na tuanze na mambo yaliyotokea. Gambia ni nchi ndogo ya Afrika ya Magharibi, iliyozungukwa na Senegal pande zote ila upande wa bahari. Yahya Jammeh alitwaa utawala kwa nguvu za jeshi Julai 1994, akatawala miaka 22. Tarehe 1 Desemba 2016 wananchi walipiga kura. Kura yao haikuwa karatasi bali gololi: kila mtu aliitumbukiza katika pipa la mgombea amtakaye, na kengele ikalia. Adama Barrow akashinda. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, mzee Alieu Momar Njai, alitangaza matokeo bila woga, na Jammeh mwenyewe akakubali mbele ya televisheni. Baada ya siku chache Tume iligundua makosa ya kujumlisha, ikayasahihisha hadharani: Barrow kura 227,708, Jammeh 208,487. Tofauti ilipungua, lakini mshindi alikuwa yule yule. Hata hivyo, tarehe 9 Desemba Jammeh alibadili neno lake, akakataa kutoka.

Hapo majirani wakabisha mlango. Tarehe 13 Desemba marais wanne kutoka Jumuiya ya Uchumi ya Afrika ya Magharibi walifika Banjul: Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia, Muhammadu Buhari wa Nigeria, Ernest Bai Koroma wa Sierra Leone, na John Mahama wa Ghana. Nawaombeni mmwangalie huyu wa mwisho. Mahama alikuwa ameshindwa uchaguzi kwao wiki iliyotangulia, naye alikubali kushindwa tarehe 9 Desemba, siku ile ile ambayo Jammeh alikataa. Hakwenda kumfundisha mwenzake jambo ambalo yeye mwenyewe hakulifanya.

Maneno hayakutosha. Mzee Njai alilazimika kuondoka nchini, na maelfu ya watu wakavuka mpaka kwa hofu. Tarehe 19 Januari 2017 Barrow aliapishwa katika ubalozi wa Gambia mjini Dakar. Siku hiyo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilimwunga mkono, na majeshi ya Jumuiya yakaanza kuingia Gambia. Tarehe 21 Jammeh alipanda ndege akaenda zake, bila vita kuzuka.

Sasa niseme na langu. Nilipofundisha katika chuo cha ualimu nilipewa kazi ya kuhesabu kura za wanafunzi waliokuwa wakimchagua kiongozi wao. Kijana aliyeshinda hakupendwa na mkuu wetu, kwa kuwa alizoea kuuliza maswali juu ya chakula. Usiku mkuu aliniita, akanipa jina jingine la kusoma asubuhi. Nikalisoma. Yule kijana alinitazama, asiseme neno. Nilikuwa na mke, watoto wanne na nyumba ya chuo. Hivyo ndivyo nilivyojitetea moyoni. Mwezi uliofuata akaja mkaguzi. Akakagua madaftari na mabweni, akala chakula cha mchana, akaondoka. Habari za uchaguzi hakuziuliza. Nakumbuka nilisimama karibu na mlango wa ofisi nikitamani aulize. Nadhani ningemwambia.

Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu langu. Jirani hana haki ya kuwachagulia watu mtawala wao. Barrow alichaguliwa na Wagambia, kwa gololi zao wenyewe. Lakini mtu wa ndani mwenye ujasiri mdogo hupata nguvu ajuapo kwamba nje yuko aonaye na aulizaye. Kunyamaza kwa jirani nako ni kuchagua upande, na upande huo ni wa mwenye fimbo.

Sehemu ya pili ni ngumu zaidi. Tarehe 26 Julai 2023 askari wa Niger walimpindua Mohamed Bazoum, rais aliyechaguliwa. Majirani wale wale walitishia vita, wakafunga mipaka, na Nigeria ikakata umeme. Walioumia ni kina nani? Si majenerali. Ni mama aliyetafuta dawa, na maskini aliyekuta bei ya mchele imepanda. Wananchi wengi wakawaonea uchungu majirani kuliko askari. Tena waliuliza: hawa wanaotuhubiria sheria, kwao ikoje? Maana mwaka 2015 viongozi wa Jumuiya hiyo walishindwa kukubaliana kwamba rais asizidi vipindi viwili. Februari 2024 vikwazo vingi viliondolewa, askari wakiwa bado madarakani. Januari 2025 Niger, Mali na Burkina Faso zikatoka rasmi katika Jumuiya. Nyani haoni kundule. Lakini wanaomfuata nyuma wanaliona.

Basi, mzee mwenzangu, jibu langu ni hili. Jirani na abishe mlango, tena mapema. Lakini kwanza ajiulize mambo matatu. Je, walio ndani wamesema wanataka nini? Je, maumivu ya msaada wangu yatamwangukia nani? Je, mimi mwenyewe naitii sheria ninayoidai kwa mwingine? Asiyeweza kulijibu la tatu na aanze kusafisha kwake, wala asifanye hilo kuwa udhuru wa kutobisha kamwe.

Mwaka jana nilimwandikia yule kijana, ambaye sasa naye ana mvi, kumwomba radhi. Bado nangoja barua yake. Nanyi, karibuni tutachagua wazee wa kanisa. Nimeombwa tena nihesabu kura. Nimekubali kwa sharti moja: nizihesabu mezani mbele ya watu wote, na mtoto mmoja wa shule ya Jumapili asimame kando yangu akihesabu pamoja nami kwa sauti.